Chumba chenye roshani, meli ya Alaska: nichukue kipi kati ya hivi vitatu?

BintiRaskazone

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kabla sijalipa amana. Mimi na mama tunataka kupanda meli ya Alaska mwishoni mwa Mei, usiku saba, kutoka Vancouver hadi Whittier. Inapita Ketchikan, Juneau na Skagway, kisha siku nzima Glacier Bay, ile ghuba ya hifadhi yenye barafu zinazoshuka baharini, na siku inayofuata barafu la Hubbard. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Tunaishi Minneapolis, wote wawili tuna grini kadi na pasipoti za Tanzania. Theluji si ngeni kwetu, ila bahari ya baridi hatuijui, na meli kubwa ya kulala hatujawahi kupanda.

Wakala amenitumia vyumba vitatu, vyote vina roshani, na bei hazipishani sana:

A – sitaha ya 8, mbele karibu na omo, upande wa kulia. Roshani yake ni pana kuliko nyingine ila mbele imezibwa kwa bamba la chuma badala ya kioo.

B – sitaha ya 14, katikati kabisa, upande wa kushoto. Juu yake kuna bwawa na mkahawa wa kujipakulia.

C – roshani yoyote itakayopatikana, namba tutapangiwa na kampuni baadaye. Ndiyo rahisi kuliko zote.

Nichukue ipi? Na hili suala la upande wa kulia au kushoto lina maana, au ni maneno ya mawakala tu?

Tezi_na_Omo

Dada, kati ya hivyo vitatu sioni hata kimoja cha kulipia leo. Omba cha nne.

Tuanze na A. Omo ndiko meli inakopanda na kushuka zaidi. Kwenye njia za kati ya visiwa maji huwa shwari na hamtahisi kitu, lakini kutoka Glacier Bay kwenda Hubbard, na kutoka Hubbard kwenda Whittier, meli inaingia Ghuba ya Alaska ambayo ni bahari wazi. Huko ndiko aliyelala omo anakojua kalala wapi. Mashine za kuisukuma omo pembeni wakati wa kufunga gati ziko huko mbele chini, na nanga iko huko huko, kwa hiyo meli ikifika bandarini alfajiri mtaamshwa na mtetemo kabla ya saa ya simu yako. Lakini kwenu ninyi kasoro kubwa ni lile bamba. Mama akikaa kwenye kiti ataona chuma, na juu yake anga. Bahari ataiona akisimama tu, na ndiye mwenye magoti. Upana wa roshani haufidii hilo.

B iko katikati, ambayo ni sifa nzuri, ila wengi hawajui katikati inatibu nini. Inapunguza kule kupanda na kushuka kwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli. Meli ikienda mrama ubavu kwa ubavu, kadiri ulivyo juu ndivyo unavyopepesuka, na dawa yake ni kushuka sitaha za chini. Halafu kuna sakafu ya juu yenu. Viti vya bwawani huburutwa wafanyakazi wakiosha sitaha kabla jua halijachomoza, na mikokoteni ya vyombo vya mkahawa huanza mapema vilevile. Chuma hupitisha sauti hiyo yote hadi kwenye mto wako. Alaska waogeleaji ni wachache, lakini sitaha inaoshwa tu.

C inamfaa kijana anayesafiri peke yake na begi la mgongoni. Ukishakubali kupangiwa, ndio basi: wanaweza kuwapa roshani iliyo nyuma ya boti za uokoaji ikiwa daraja hilo linaruhusiwa kwenye mkataba, au ya mwisho wa korido. Meli hizi zina urefu wa karibu mita 300. Kutoka lifti ya katikati hadi chumba cha mwisho ni mwendo wa kutosha kumchosha mtu mwenye magoti mara nne kwa siku.

Sasa namna ya kutafuta cha nne. Fungua ramani ya sitaha tatu kwa pamoja: ya chumba, ya juu yake na ya chini yake. Unataka vyumba juu na vyumba chini. Ukiona nafasi nyeupe isiyo na jina kwenye ramani usiidharau, mara nyingi ni stoo au jiko la wahudumu lenye milango inayobamizwa. Ukumbi wa maonyesho chini yako utanyamaza usiku, disko halitanyamaza. Kisha tafuta picha ya meli iliyopigwa ubavuni na uhesabu sitaha. Hapo utaona mambo ambayo ramani inayaficha: roshani zipi zina kioo, zipi zina chuma, zipi zimeingia ndani ya ubavu wa meli, na zipi zimechomoza nje bila paa.

Hilo la paa lisisitize. Kuna meli ambazo sitaha zake za roshani zimepangwa kama ngazi, kila ya chini imechomoza kuliko ya juu yake. Karibiani ni raha, unapata jua. Ketchikan hunyeshewa zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Tanga, na roshani isiyo na paa huko utaiangalia kupitia mlango wa kioo. Chukua iliyofunikwa kabisa. Iliyoingia ndani ya ubavu ni bora zaidi maana upepo wa mbele haukufikii.

Kuhusu upande: meli inayopanda kaskazini ina nchi kavu kulia, inayoshuka kusini ina nchi kavu kushoto. Ni kweli, ila mawakala huivuta mno. Hadi Juneau na Skagway kuna milima pande zote mbili. Mbele ya barafu la Margerie, lililo Glacier Bay, nahodha huigeuza meli taratibu ili kila upande uone, na Hubbard hufanya vivyo hivyo. Kulia kuna faida siku mkiwa nje kwenye Ghuba ya Alaska na mawingu yakiwa yameinuka, maana ndipo unapouona mlima Fairweather wenye mita 4,671 ukiinuka karibu kabisa na bahari. Bei ikiwa sawa chukua kulia. Usiongeze hata dola kumi kwa ajili hiyo.

Mpemba_wa_Seattle

Naunga mkono hayo ya ramani, ila niseme wasilolisema wauza roshani. Watu wengi hununua roshani kwa ajili ya siku ya barafu, na siku hiyo ndiyo roshani isiyofaa kitu kwa saa kadhaa.

Glacier Bay meli huingilia Bartlett Cove. Askari wa hifadhi hupanda kwa mashua ndogo na kukaa nanyi siku nzima wakieleza kwa vipaza sauti. Kutoka hapo hadi Margerie ni karibu kilomita 100, na mbele ya barafu meli hukaa kama saa moja. Njia nzima mambo yanatokea mbele na pande zote mbili: dubu ufukweni kushoto, nyangumi kulia, sili juu ya vipande vya barafu. Ukiwa roshani unaona upande mmoja, na meli inapogeuka nusu ya muda unautazama ukuta wa mwamba. Pa kusimama ni sitaha ya wazi mbele. Kampuni kadhaa hufungua hata sehemu ya omo ambayo siku nyingine haikanyagwi na abiria. Uliza kama meli yenu ni mojawapo.

Kwa hiyo kijana mwenye miguu mizima mimi humwambia achukue chumba cha dirisha, tofauti ya bei ailipie matembezi ya Juneau au treni ya Skagway. Ila kwa mama mwenye magoti hesabu inabadilika. Yeye atashuka kitandani, hatua nne, kashafika nje. Akisikia baridi, hatua nne kashaingia. Na mwishoni mwa Mei mwanga wa jua kule hudumu zaidi ya saa 17. Jioni mkitoka bandarini mnakuwa na saa kadhaa za kutazama milima ikipita bila msongamano wowote. Hizo ndizo saa za kulipia roshani.

Siku ya barafu fanyeni hivi: kaeni wote sitaha ya mbele meli inapokaribia, kisha mrudi roshani meli ikianza kugeuka. Maelezo ya askari wa hifadhi mara nyingi hurushwa pia kwenye televisheni ya chumbani, kwa hiyo ongeza sauti, uache mlango wazi kidogo. Jueni tu kwamba vyumba vingi vina kihisio mlangoni, ukifungua roshani kipasha joto cha chumba kinazima chenyewe. Si ubovu, msipige simu mapokezi.

Na mkiwa mbele ya barafu msifuate sauti. Meli husimama mita mia kadhaa kutoka ukutani, na sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukisikia ngurumo ndipo ugeuze shingo, kipande kimeshazama. Chagua sehemu moja ya ukuta yenye nyufa mpya za bluu, tena ambako vipande vidogo vinadondoka dondoka, uikazie macho hapo.

Koti_Mbili

Wenzangu wamemaliza ya chumba, mimi niingie kwenye baridi, kwa sababu mtu anaweza kupata roshani safi akashindwa kukaa humo dakika kumi.

Mwishoni mwa Mei Juneau mchana ni nyuzi 13 hadi 15, usiku 6 au 7. Kwa mtu wa Minneapolis hiyo ni kama Aprili. Linalowashika watu ni upepo wa mwendo wa meli. Meli ikienda kilomita 36 kwa saa, hewa ya nyuzi 8 ngozi yako inaihisi kama nyuzi 3 au 4, bila kuhesabu upepo wa asili. Mabaharia wetu wana maneno yake: kaa demani, kimbia joshi, yaani kaa upande uliokingika, kimbia upande unaopigwa na upepo. Kwenye roshani huwezi kuhama upande, ndiyo maana ile iliyoingia ndani ya ubavu ina thamani. Mbele ya barafu meli imesimama, lakini hewa nzito ya baridi inateremka kutoka juu ya barafu na kuwapiga usoni.

Koti lako la Januari liache nyumbani. Ni zito mno, na yale ya manyoya ya bata yakilowa hayana joto tena. Vaeni tabaka tatu: nguo ya ndani ya sufu au poliesta, juu yake sweta la flisi, na juu kabisa koti la mvua lenye kofia na zipu inayofika kidevuni. Pamba kwenye ngozi hapana, inashika unyevu na kukugandisha. Boshori, glavu nyembamba ambazo unaweza kubonyeza simu ukiwa umezivaa, na soksi za sufu. Kwa mama ongeza shuka zito la kujifunika miguu. Meli nyingi zina mablanketi ya sitahani, mhudumu wa chumba akiombwa analeta.

Mambo ya roshani yenyewe. Mlango wa kioo ni mzito na upepo huukandamiza. Kabla hujaufungua hakikisha mlango wa korido umefungwa, la sivyo upepo unapita chumbani kama kwenye bomba, na mmoja wa milango utajibamiza kwenye vidole vya mtu. Chini ya mlango wa roshani kuna kizingiti cha chuma kilichoinuka. Usiku mama asitoke bila taa, tena kizingiti kikilowa kinateleza. Msianike nguo kwenye vyuma vya roshani. Jaketi zilizolowa zitundikeni ndani: kuta za vyumba vya meli kwa kawaida ni za chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku zinashika vizuri kabisa. Chukua nne. Ekstensheni ya kuzuia umeme mkubwa usichukue, itakamatwa kwenye ukaguzi wa mizigo.

Kamera ikitoka chumbani kwenda nje haina shida kubwa. Shida ni kurudi: lenzi baridi ikikutana na hewa yenye joto inapata ukungu, na kamera ikilowa ndani ni hasara. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika ukiwa bado nje, uingie nayo, uiache humo nusu saa. Darubini nazo vivyo hivyo.

MtuWaUmoja

Naingilia kidogo. Sisi tunaotoka Nairobi moja kwa moja koti la hivyo tunalipata wapi bila kuuza ng'ombe? Na viza inakuwaje?

Koti_Mbili

Gikomba, ndugu yangu, na Dar es Salaam kuna Karume. Koti la mvua la mtumba ni zuri ukijua kulikagua. Geuza ndani nje, uangalie kofia na mabega. Ukikuta utando unabanduka vipande vyeupe, liache, hilo halizuii maji hata likiwa jipya kwa macho. Angalia ule mkanda mwembamba uliofunika mshono, uvute kidogo kwa ukucha. Kisha mwombe muuzaji maji kidogo uyamwage begani. Yakijikusanya matone, safi. Yakinywewa na kitambaa lakini ndani kukabaki kukavu, linaokoleka, utanunua dawa ya kupulizia. Ndani kukilowa, rudisha. Zipu ifungue na kuifunga mara tano hapo hapo, maana kubadilisha zipu ya koti la mvua bila kuharibu uzuiaji maji ni kazi ya fundi maalumu.

Viza: kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji ya Kanada na ya Marekani zote mbili, hata kama Kanada unapanda meli tu. Meli zinazoanzia Seattle nazo karibu zote husimama bandari ya Kanada, mara nyingi Victoria, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazitaka meli za bendera ya kigeni ziguse nchi nyingine. Kwa hiyo kuanzia Seattle hakukuepushi na viza ya Kanada. Viza ya kuingia mara nyingi ndiyo salama.

BintiRaskazone, ninyi wenye grini kadi Kanada hamuhitaji viza, ila beba kadi yenyewe pamoja na pasipoti ambayo haijaisha muda. Uhamiaji wa Marekani mtaumaliza pale pale Vancouver kabla ya kupanda. Meli tatu zikipakia siku moja foleni hiyo inakuwa ndefu, mwombee mama kiti cha magurudumu mapema.

BintiRaskazone

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Nimempigia wakala, amenitafutia viwili vingine. D: sitaha ya 10, katikati kuelekea tezi, kulia, roshani ya kioo yenye paa, vyumba juu na chini. Ila kina mlango wa ndani unaounganisha na chumba cha jirani. E: sitaha ya 11, tezini kabisa, roshani inatazama nyuma ya meli. Anakisifia sana E. Halafu akaniambia kuna meli nyingine, Celebrity Edge, ina roshani ambayo dirisha linashuka lenyewe. Hiyo vipi?

Tezi_na_Omo

Wakala anakisifia E kwa haki: meli yenyewe inakukinga na upepo wa mbele, na unaona pande zote mbili za njia. Wapenda picha hugombania hizo. Lakini mtetemo wa mapanga yanayoisukuma meli wakati wa kufunga gati uko hapo hapo, moshi ukigeuzwa na upepo masizi yanatua kwenye viti, na zile roshani za nyuma mara nyingi zimepangwa kingazi, kwa hiyo angalia paa. Na ile korido niliyoisema, E iko mwisho wake. Kwa mama, hapana.

D ndicho. Mlango wa kuunganisha kasoro yake ni sauti: utasikia televisheni ya jirani na watoto wake. Kwenye ramani huwa umewekewa alama ndogo ya mshale au pembetatu kati ya vyumba viwili. Mwambie wakala ajaribu namba za jirani kwenye mstari huo huo zisizo na alama. Zikiwa zimejaa, chukua D hivyo hivyo, ukunje taulo uliweke chini ya mlango.

Ile ya dirisha linaloshuka ni roshani iliyoingizwa ndani ya chumba. Unabonyeza kitufe, nusu ya juu ya kioo inashuka. Nafasi inakuwa kubwa na hakuna kizingiti cha kumwangusha mama, na ukifunga kioo anakaa kwenye joto akiangalia nje. Ukikifungua, baridi inaingia karibu na kitanda mpaka ufunge milango ya ndani inayotenga roshani na kitanda. Pia wanaoendesha meli wanaweza kufunga vioo vyote hali ya hewa ikichafuka. Kwa Alaska si mbaya. Ila meli hiyo huanzia na kurudi Seattle, na meli za Seattle kwa kawaida hupita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, kwenye mawimbi ya Pasifiki. Tena ratiba zake za barafu zimekuwa za vijia vyembamba vya kusini mwa Juneau, vya Tracy Arm na Endicott Arm, badala ya Glacier Bay. Glacier Bay haziruhusiwi zaidi ya meli kubwa mbili kwa siku, kwa hiyo nafasi ni za kugombaniwa. Na Agosti 2025 Tracy Arm kulitokea maporomoko makubwa ya mlima yaliyoinua wimbi kubwa, basi soma ratiba iliyoandikwa sasa, si ya miaka iliyopita. Ningebaki na safari yako.

Hubbard mjiandae kwa lolote. Ni barafu kubwa, urefu wake kilomita 122, lakini mapema katika msimu vipande vinavyoelea huwa vingi na nahodha anaweza kusimama mbali. Hakuna fidia kwa hilo.

Mpemba_wa_Seattle

Moja kabla hujalipa. Whittier kutoka ni kwa handaki la njia moja, kilomita 4, magari na treni zinapokezana humo humo. Magari ya kutoka Whittier hupewa zamu mwanzo wa kila saa. Ukiikosa unasubiri inayofuata. Anchorage ni kilomita 100 hivi mbele yake. Usikate ndege ya asubuhi siku ya kushuka, kata ya mchana au jioni.

Na muulize wakala tarehe ya malipo ya mwisho ni lini. Kwa kampuni nyingi ni miezi mitatu hivi kabla ya safari. Kabla ya tarehe hiyo, bei ya daraja lenu ikishuka kwenye tovuti, mwandikie siku hiyo hiyo akurekebishie. Mwambie pia aandike kwenye oda kwamba hamtaki kuhamishwa chumba hata kwa kupandishwa daraja bila kuulizwa, kwa sababu daraja la juu linaweza kuwa ni kile kile B chini ya bwawa.